Wengi wape, lakini wengi ni nani? Botswana, Afrika Kusini na Lesotho zinavyogeuza kura kuwa serikali

Julai 1963 Wazanzibari walichagua wabunge 31, na wabunge hao ndio waliokuwa wamtoe waziri mkuu wa kuifikisha nchi kwenye uhuru. Afro-Shirazi Party ilipata kura asilimia 54 hivi. Viti ikaambulia 13. Zanzibar Nationalist Party, kwa asilimia 30 hivi, ikapata viti 12, na Zanzibar and Pemba People's Party, kwa asilimia 16 hivi, ikapata sita. Hivi viwili vya mwisho vikaungana, viti 18 dhidi ya 13, Mohammed Shamte akawa waziri mkuu. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ile ikapinduliwa.

Mapinduzi yale yana mizizi mingi, na watu wanayajadili hadi leo wakiwa na machungu yao. Sitaki kuyapunguza yawe hesabu ya kura. Lakini hesabu yenyewe haibishaniwi: chama kilichopigiwa kura na zaidi ya nusu ya watu kilikaa upinzani, na halikuhitajika sanduku hata moja kuibwa ili iwe hivyo. Kura za ASP zilirundikana kwenye majimbo iliyoshinda kwa kishindo, na huko ilikoshindwa, Pemba hasa, kura zake nyingi hazikuzaa kiti.

Wengi wape, wanasema wahenga. Kabla ya kuwapa, lazima mkubaliane mnawahesabu vipi.

Ulinganisho huu nauandika kwa ajili ya yeyote anayebishania katiba mpya, awe kamatini au kijiweni. Mabishano yetu huanzia kwa mkubwa: tuwe na rais mwenye nguvu, au turudishe waziri mkuu anayetoka bungeni kama enzi za uhuru? Mimi naona swali linalotangulia ni hili: kura ya aliyeshindwa inakwenda wapi? Ili kulijibu nimechukua nchi tatu za kusini mwa Afrika, jirani wa pua na mdomo, zote zikiwa na serikali zinazotoka bungeni, na kila moja ikihesabu kwa kanuni yake.

Bunge huzaa serikali

Tuelewane kwanza. Leo mpiga kura wa Tanzania au Kenya anapewa karatasi ya rais. Katika mfumo wa kibunge karatasi hiyo haipo. Unachagua wabunge, na kati yao anayeungwa mkono na zaidi ya nusu ndiye anayeunda serikali. Siku wakimnyima imani, anaondoka bila kusubiri muhula wake uishe.

Jina la cheo lisikuchanganye. Lesotho ina mfalme, Letsie wa Tatu, ambaye hatawali, na waziri mkuu anayetawala. Afrika Kusini na Botswana wanamwita kiongozi wao rais, lakini hakuna mwananchi wa Afrika Kusini aliyewahi kuweka alama mbele ya jina la Cyril Ramaphosa kwenye karatasi ya urais. Tarehe 14 Juni 2024 alichaguliwa na wabunge wenzake kwa kura 283, Julius Malema wa chama cha EFF akipata 44, katika ukumbi wa mikutano wa Cape Town kwa sababu jengo la bunge liliungua mwaka 2022. Botswana wamekata kona: kila mgombea ubunge anatangaza mapema anamuunga mkono nani kwa urais, na yule ambaye watu wake wamechukua zaidi ya nusu ya majimbo anatangazwa rais na Jaji Mkuu.

Hapo ndipo chama kinapopata uzito ambao sisi hatujauzoea. Kwetu mtu mwenye jina kubwa anaweza kuingia Ikulu hata chama chake kikiwa dhaifu bungeni. Kwa wenzetu hawa hakuna njia ya kufika juu isipokuwa kupitia viti. Kwa hiyo kanuni ya kugeuza kura kuwa viti, ambayo kwa kawaida tunawaachia makarani wa tume, ndiyo inayoamua nani atawale.

Botswana: mshindi wa jimbo anabeba yote

Hii ndiyo kanuni tunayoijua. Nchi inagawanywa majimbo, kila jimbo linatoa mbunge mmoja, na anayeongoza anachukua kiti hata kama theluthi mbili ya wapiga kura hawakumtaka. Kura za waliobaki zinaishia palepale jimboni.

Sasa tazama ilichofanya tarehe 30 Oktoba 2024. Botswana Democratic Party ilikuwa imetawala tangu uhuru wa 1966, miaka 58 mfululizo. Siku hiyo ilipata karibu asilimia 30 ya kura zote, na viti vinne kati ya 61. Vinne! Botswana Congress Party, iliyopata kura chache kuliko hizo, asilimia 21 hivi, ikachukua viti 15. Muungano wa Umbrella for Democratic Change (UDC) ulioongozwa na Duma Boko ulipata asilimia 37 na viti 36, ukaunda serikali peke yake. Nini kilitokea? BDP ilikuwa na watu kila pembe ya nchi lakini haikuwa na wa kutosha mahali pamoja. Chama kinachoshika nafasi ya pili jimbo baada ya jimbo kinaweza kurudi nyumbani mikono mitupu.

Ningewaonea huruma zaidi kama kisu hicho hicho hakikuwa kimewakatia nyama kwa miaka mingi. Mwaka 2014 BDP ilipata chini ya nusu ya kura, asilimia 46 na kidogo, ikabeba viti 37 kati ya 57. Wapinzani walikuwa wengi kuliko wao, ila walikuwa wamegawanyika.

Kanuni hii ina mema yake, na nayataja kwa moyo mweupe. Kwanza, inawalazimisha wanasiasa kuungana kabla ya uchaguzi. UDC iliundwa mwaka 2012 kwa sababu wapinzani walichoka kunyang'anyana kura. Wakenya walilijua somo hilo mapema, mwaka 2002, walipoijenga NARC. Muungano wa kabla ya kura mwananchi anauona, anaupima, ndipo anaamua. Pili, unajua mbunge wako ni nani na nyumba yake iko wapi. Tatu, mambo huisha upesi: tarehe 1 Novemba, siku mbili tu baada ya kura, Rais Mokgweetsi Masisi wa BDP alikuwa ameshakubali kushindwa na Boko ameshaapishwa.

Kwa upande wa wanawake hali ni mbaya. Chama kinaposimamisha mtu mmoja tu kila jimbo, karibu kila jimbo husimamisha mwanamume, na wanawake wanaochaguliwa majimboni Botswana ni wa kuhesabu kwa vidole.

Afrika Kusini: kura kwa chama, viti kwa uwiano

Vuka mpaka tu, unakuta dunia nyingine. Bunge la Afrika Kusini lina viti 400, 200 kutoka orodha za kitaifa na 200 kutoka za majimbo makubwa tisa. Kwa kawaida huchagui mtu, unachagua chama, na chama kinapata viti kulingana na kura zake. Hakuna kizingiti cha asilimia ya chini kilichowekwa na sheria. Mei 2024 chama tawala, ANC, kilipata asilimia 40.2 ya kura na viti 159. DA asilimia 21.8, viti 87. MK ya Jacob Zuma, iliyokuwa na umri wa miezi tu, asilimia 14.6, viti 58. EFF asilimia 9.5, viti 39. Vyama 18 vikaingia bungeni.

Kwa usawa wa kura, hakuna kati ya nchi hizi tatu inayoifikia. Mzee wa kijijini Limpopo na mwanafunzi wa Cape Town, kura zao zina uzito mmoja, na hakuna anayeambiwa kwamba kwao ni ngome ya fulani kwa hiyo asijisumbue. Wanawake pia wamefaidika: wanashika zaidi ya asilimia 40 ya viti, kwa kuwa chama kinachopanga orodha ndefu kinaona aibu kuwakosesha nafasi za juu, na wapiga kura wanaiona orodha nzima kwa pamoja.

Linalonisumbua ni jinsi orodha inavyoandikwa. Mbunge aliyekaa namba 15 anajua amefikaje pale: si kwa watu wa mtaa wake, ni kwa vikao vya chama. Katiba ya nchi inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka, ubunge wake umekwisha. Watanzania wanalijua jambo hili vizuri, maana kwetu pia anayefukuzwa chama anapoteza kiti. Tofauti ni kwamba mbunge wetu anabaki na watu wa jimbo lake, wanaomjua na wanaoweza kumtetea au kumkataa mbele ya kamera. Mbunge wa orodha hana pa kukimbilia.

Agosti 2017 lilionekana wazi. Bunge lilipigia kura hoja ya kutokuwa na imani na Zuma, aliyekuwa rais wakati huo, na kwa mara ya kwanza ikawa kura ya siri. Hoja ilishindwa kwa kura 198 dhidi ya 177, lakini wabunge kadhaa wa ANC waliunga mkono upinzani gizani, jambo ambalo mchana hawakuthubutu. Na Zuma alipoondoka Februari 2018, hakuondolewa na bunge. Chama kilimwambia aondoke, kama kilivyomwambia Thabo Mbeki mwaka 2008. Katika nchi ambayo katiba inalipa bunge mamlaka ya kumng'oa rais, marais wawili wameng'olewa na vikao vya chama. Anayependa mfumo wa orodha inabidi ajibu hoja hii, na sijasikia jibu linaloniridhisha.

Mahakama ya Katiba iligusa kidonda hicho Juni 2020, iliposema sheria isiyomruhusu mtu kugombea bila chama inavunja katiba. Mwaka 2024 wagombea binafsi walikuwemo kwenye karatasi kwa mara ya kwanza. Hakuna aliyepata kiti bungeni. Watanzania tusiwacheke: Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilitoa uamuzi wa kumuunga mkono Mchungaji Mtikila katika suala hilohilo mwaka 2013.

Kuhusu serikali ya mseto, naomba nipinge wasiwasi unaosikika sana, kwamba bila mshindi mmoja nchi haitawaliki. Katiba yao inataka bunge jipya likutane ndani ya siku 14 baada ya matokeo kutangazwa. Likakutana, rais akapatikana siku hiyohiyo, na tarehe 30 Juni baraza la mawaziri likatangazwa likiwa na watu wa ANC, DA na vyama vingine. Je, walielewana? La hasha. Mapema mwaka 2025 Wizara ya Fedha ilitaka kupandisha kodi ya ongezeko la thamani, DA ikakataa ikiwa ndani ya serikali, bajeti ikachelewa, na mwezi Aprili pendekezo likaondolewa. Wengine waliona ni fujo. Mimi niliona kodi inayomgusa kila mnunuzi wa mkate ikijadiliwa kwa miezi miwili hadharani badala ya kupitishwa mchana mmoja kwa sauti za "ndiyo".

Lesotho: jimbo na fidia

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa Lesotho iliijaribu kanuni ya kwanza, ikaungua, ikabadilisha, na baadaye ikagundua mashimo ya kanuni mpya. Nchi ndogo iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini imetulipia ada ya shule.

Mei 1998, kwa kanuni ya mshindi wa jimbo, chama cha Lesotho Congress for Democracy (LCD) kilipata asilimia 60 na kidogo ya kura. Ni ushindi halali wa wazi. Viti kikachukua 79 kati ya 80. Basotho National Party (BNP), iliyopigiwa kura na karibu robo ya wapiga kura, ikapata kiti kimoja. Wapinzani wakalia wizi na kukusanyika kwenye lango la kasri la mfalme Maseru. Tume iliyoongozwa na Jaji Pius Langa wa Afrika Kusini ikachunguza bila kupata ushahidi wa kutosha wa kusema uchaguzi uliibwa. Hilo halikumtuliza mtu. Ukimwambia mtu mmoja kati ya kila wanne kwamba sauti yao ni kiti kimoja, kisha ukamwonyesha karatasi kuthibitisha hesabu iko sahihi, umemwongezea hasira. Septemba majeshi ya Afrika Kusini, na baadaye ya Botswana, yakaingia. Watu wakafa, na katikati ya Maseru maduka yakaporwa na kuchomwa.

Baada ya moto walikaa pamoja, wajumbe wawili kutoka kila chama, walioshinda na walioshindwa kwa idadi sawa, wakabishana kwa miaka kadhaa. Walichokuja nacho ni hiki. Majimbo 80 yalibaki, kila moja na mbunge wake. Juu yake wakaongeza viti 40 vya fidia. Kura za kila chama zinajumlishwa nchi nzima na kuonyesha chama kilistahili viti vingapi kati ya 120. Kisha vinatolewa vile kilivyokwishapata majimboni, na kilichopungua kinajazwa kutoka orodha ya chama. Aliyebeba majimbo mengi kuliko stahili yake haongezewi kitu.

Mwaka 2002 LCD ilishinda majimbo 77, kishindo kilekile. Lakini BNP, iliyokosa majimbo, ikapewa viti 21 vya fidia, na vyama kumi vikawa bungeni. Maseru haikuungua. Kwa maoni yangu huo ni miongoni mwa mageuzi makubwa ya amani yaliyofanywa na Waafrika wenyewe, na inanisikitisha kwamba katika vikao vyetu vya katiba hutajwa mara chache kuliko Ujerumani, ambako wazo lilitoka.

Sasa mashimo. Mpiga kura wa 2002 alikuwa na karatasi mbili, ya mbunge na ya chama. Mwaka 2007 wajanja waliona upenyo. LCD ikasimamisha wagombea majimboni tu, na kwa karatasi ya pili ikawaambia wafuasi wake wakipigie chama kidogo rafiki, NIP. Majimboni ikashinda 61. NIP, ambayo haikuwa na jimbo hata moja, ikaonekana kwenye hesabu kuwa mnyonge anayestahili fidia, ikapewa viti 21. Wapinzani nao walifanya mchezo kama huo na chama chao rafiki. Fidia iliyokusudiwa wanyonge ikaliwa na wenye nguvu. Sheria ya 2011 ikaliziba shimo kwa kurudisha karatasi moja: unampigia mgombea wa jimbo, na kura hiyohiyo inahesabiwa kwa chama chake. Gharama yake ni kwamba ukimpenda mgombea wa jimbo lakini hukipendi chama chake, umebanwa. Naikubali gharama hiyo. Karatasi mbili ni uhuru mzuri penye wanasiasa waaminifu, na katiba huandikwa kwa ajili ya wale wasio waaminifu.

Shimo la pili halijazibika vizuri. Tangu 2012, ambapo hakuna chama kilichopata nusu, serikali za mseto zimevunjika mara kwa mara. Mseto wa waziri mkuu Tom Thabane uliingia kwenye jaribio la mapinduzi ya kijeshi Agosti 2014, yeye akakimbilia Afrika Kusini. Uchaguzi wa mapema ukafanyika 2015, mwingine 2017. Wanaopinga uwiano huishia hapo: mnaona? Lakini rudi nyuma kidogo. Mwaka 1997, enzi za mshindi wa jimbo, waziri mkuu Ntsu Mokhehle alikihama chama chake akiwa madarakani, akaunda LCD palepale bungeni na kuondoka na wabunge walio wengi. Chama alichokihama, Basutoland Congress Party (BCP ya Lesotho, si ile ya Botswana), iliyokuwa imeshinda majimbo yote 65 mwaka 1993, ikalala ikiwa serikali na kuamka ikiwa upinzani. Mwaka 2012 waziri mkuu Pakalitha Mosisili naye akafanya vilevile, akaiacha LCD na kuunda chama kipya bila kushuka kwenye kiti. Ugonjwa wa Lesotho ni kuhamahama kwa wabunge na jeshi kujitia kwenye siasa, na ulikuwepo kabla ya fidia. Kanuni ya kuhesabu haikuuleta, wala haiwezi kuuponya.

Oktoba 2022 chama kipya cha mfanyabiashara Sam Matekane, kilichoundwa miezi michache tu kabla, kilipata viti 56 kati ya 120. Kikaungana na vyama viwili vingine, kikapita nusu, serikali ikaundwa.

Kura zilezile, kanuni nyingine

Ili tofauti ionekane, nimechukua kura za kweli na kuzipitisha kwenye uwiano mtupu. Ni makadirio, na watu wangepiga kura tofauti kidogo kama kanuni ingekuwa nyingine, lakini sura inabaki.

| Uchaguzi | Chama | Kura (asilimia) | Viti kilivyopata | Viti kwa uwiano |
|---|---|---|---|---|
| Zanzibar 1963 (viti 31) | ASP | 54 | 13 | 17 |
| | ZNP | 30 | 12 | 9 |
| | ZPPP | 16 | 6 | 5 |
| Lesotho 1998 (viti 80) | LCD | 60.7 | 79 | 49 |
| | BNP | 24.5 | 1 | 20 |
| Botswana 2024 (viti 61) | UDC | 37 | 36 | 23 |
| | BDP | 30.5 | 4 | 19 |
| | BCP | 21 | 15 | 13 |

Mstari wa kwanza kila nikiutazama nanyamaza kidogo. ASP yenye viti 17 kati ya 31 ingeunda serikali yenyewe, na ZNP na ZPPP zingekaa upinzani na viti 14, sauti ya kutosha kusikika.

Mistari ya Botswana inafundisha jambo jingine. Kwa uwiano hakuna ambaye angefika 31. BCP yenye viti 13 ingeshika turufu: ikienda kwa UDC, Boko ni rais, ikienda kwa BDP, chama kilichokwishachoka kingerudi Ikulu. Wapo Watswana ambao wangesema wazi kwamba walitaka mabadiliko, na kanuni ya majimbo ndiyo iliyowapa bila mtu wa kati. Hoja hiyo ina nguvu, siipuuzi.

Uchague ipi

Inategemea unaogopa nini zaidi.

Kama hofu yako kubwa ni serikali isiyofanya kazi, na nchi yako haijagawanyika kwa kabila, dini au kisiwa, kanuni ya Botswana inatosha. Kura zinahama kutoka uchaguzi hadi uchaguzi, na aliyepunjwa leo anajua kesho ni zamu yake. Ila ukiwa na mkoa au kabila ambalo hupiga kura kwa pamoja kizazi hadi kizazi, zamu hiyo haifiki, na mahali pa namna hiyo nisingeipendekeza kwa mtu yeyote.

Kama hofu yako ni kundi kutengwa, na nchi imetoka kwenye damu, orodha za Afrika Kusini zinaingiza kila mtu ndani ya nyumba. Warundi na Wanyarwanda wanazijua orodha, ingawa kwao serikali haitoki bungeni. Anayezichagua adai pia sheria ya kura za mchujo zilizo wazi ndani ya vyama, la sivyo ubunge utagawiwa mezani pa katibu mkuu.

Mimi nachagua fidia ya Lesotho, kwa karatasi moja, na kwa sharti kwamba mbunge yeyote, awe wa jimbo au wa orodha, akihama chama arudi kwa wapiga kura ndani ya miezi michache. Wa orodha asimame kwenye jimbo lililo wazi. Nimeichagua kwa sababu inatuachia mbunge wa jimbo, na sioni Mtanzania au Mkenya akikubali kunyang'anywa mtu wa kumpigia simu daraja likibomoka.

Kwa Tanzania hatua si ndefu hata kidogo. Viti maalum vya wanawake vinagawiwa vyama kwa kura za ubunge za nchi nzima, kwa chama kilichopata angalau asilimia 5. Kuzijumlisha tunajua tayari. Kasoro ni kwamba viti hivyo vinaongezwa juu ya majimbo, kwa hiyo aliyezoa majimbo anazoa na viti maalum. Badilisha mstari mmoja wa sheria, viti hivyo viende kwanza kwa chama kilichopungukiwa majimboni, vikibaki vya wanawake kama vilivyo, na utakuwa umeifikia Lesotho bila kuongeza mbunge hata mmoja. Kenya wana kazi zaidi, kwa kuwa viti 12 vya uteuzi katika Bunge la Taifa ni vichache na hugawiwa kwa idadi ya viti vya kuchaguliwa, si ya kura. Zanzibar, tangu 2010, imetafuta dawa kupitia mlango mwingine: chama cha pili kinapewa Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri. Ni jambo jema, lakini linagawa serikali, na bunge linabaki na kasoro yake.

Matokeo ya jimbo kwa jimbo ya chaguzi zetu yapo. Kuyapitisha kwenye kanuni tatu hizi ni kazi ya jioni moja kwa mwenye kikokotoo na daftari, na ningependa kila kamati ya katiba iifanye, ibandike karatasi hiyo ukutani, kabla haijaanza kubishana kuhusu madaraka ya rais.